Ruta ya Nyumbani Mpakani: Laini ni Yako, Anayeitumia ni Nani?

Katika mikutano yetu na wananchi, tangu Vurra hadi Oraba, mazungumzo huwa juu ya mifugo iliyoibwa, pikipiki zisizo na karatasi na ugomvi wa mashamba. Safari hii twaomba ruhusa ya kuzungumzia kifaa kidogo ambacho siku hizi hukaa juu ya kabati katika nyumba za Arua na Koboko, kando ya redio na picha za harusi. Tunasema juu ya ruta, yaani kile kijisanduku kinachopokea intaneti kwa laini ya simu na kuigawa nyumbani kwa waifai. Msomaji akisikia polisi wanaeleza namna ya kupanga ruta aweza kucheka na kuuliza kama wezi wamekwisha. Hawajakwisha, wengine wamehamia humo. Mhalifu akitumia intaneti ya nyumba yako kumtapeli mtu, alama ya kwanza itakayoonekana kwa wachunguzi itakuwa laini yako.

Tueleze jambo hilo linavyotokea. Ruta ni mlango mmoja wa nyumba yenye watu wengi. Ndani mwaweza kuwa na simu sita na kompyuta moja, lakini ulimwengu wa nje hauzioni hizo saba: huona anwani moja tu, ile ya mlango. Kampuni ya simu nayo huweka kumbukumbu ya laini iliyokuwa ikitumia anwani fulani katika saa fulani. Na kila laini ina jina, kwa kuwa usajili wa laini ulianza nchini Uganda mwezi Machi 2012, na sheria iliyouweka ni ya mwaka 2010. Kwa hiyo malalamiko ya utapeli yakifika kituoni na kampuni ikaulizwa kwa utaratibu wa sheria, jibu linalorudi lina jina la aliyesajili laini, hata kama mwenye jina hilo alikuwa amelala.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba yupo mama muuza vitenge mjini Koboko. Amenunua ruta ili aongee na wenye mali wa Kampala na wateja wake wa Kaya na Ariwara. Nywila ya waifai ni namba yake ya simu, ile ile iliyochorwa kwa rangi juu ya mlango wa duka. Kijana aliyekaa chini ya mwembe, hatua thelathini kutoka dirishani, anaijaribu mara moja na kuingia. Kwa muda wa wiki mbili anatuma ujumbe wa uongo wa bahati nasibu na kuwatoa watu fedha za simu. Mama hajui lolote, ila ameona bando linakwisha kabla ya mwezi kwisha na amewagombeza watoto wake bure. Siku tutakapobisha hodi kwake, hatutakuwa na ushahidi kwamba ndiye tapeli. Anwani ya intaneti haisemi ni mkono wa nani ulioshika simu. Hata hivyo ataulizwa maswali, huenda vifaa vyake vikahitajika kwa uchunguzi, na majirani watakuwa wameliona gari letu mlangoni. Hasara hiyo hairudishwi kwa barua ya kumsafisha jina, na sisi tunaijua vizuri kuliko wengi.

Basi tuanze na kufunga mlango. Kazi hii haihitaji fundi. Yahitaji simu, nusu saa na karatasi ya kuandikia.

Geuza ruta uangalie chini yake. Pana stika yenye jina la mtandao, nywila ya waifai, na anwani ya namba ambayo huwa 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kulingana na mtengenezaji. Simu yako ikiwa imeungwa na waifai hiyo, fungua kivinjari na uandike namba hizo pale juu unapoandika jina la tovuti. Utaletewa ukurasa wa mipangilio ya ruta yenyewe, na ukurasa huo hufunguka hata kama bando limekwisha. Hapo ndipo watu wengi hujichanganya, kwa maana ruta ina nywila mbili. Moja ni ya waifai, unayowapa watu wa nyumbani. Ya pili hufungua ukurasa wa mipangilio, na aliye nayo ndiye bwana wa ruta: aweza kuibadilisha ile ya kwanza, kuwafungia nje wenye nyumba, au kuielekeza ruta kwenye tovuti za uongo. Katika ruta nyingi za zamani nywila hii ya pili ilitoka kiwandani ikiwa neno “admin”, na dunia nzima inalijua neno hilo. Anza kwa kuibadilisha hiyo.

Kisha rudi kwenye ile ya waifai. Ulinzi uliochaguliwa uwe WPA2 au WPA3. Ukikuta WEP, au WPA isiyo na namba, ujue ni kufuli lililokwisha kuvunjwa miaka mingi. Ikiwa simu ya zamani ya babu inakataa WPA3, chagua ule mpango unaochanganya WPA2 na WPA3. Zima pia kile kinachoitwa WPS, njia ya mkato ya kuunga kifaa kwa kubonyeza kitufe au kwa namba nane, kwani namba hizo hukisiwa kwa urahisi.

Nywila yenyewe iwe ndefu, herufi kumi na mbili au zaidi. Twasema tena: isiwe namba ya simu. Anayejua kwamba laini yako inaanza na 077 amebakiwa na tarakimu saba tu, nazo hutoa namna milioni 10. Kwa mwanadamu ni nyingi mno. Kwa kompyuta iliyonasa salamu ambazo simu yako hubadilishana na ruta, ni kazi ya saa chache, na haina haja ya kusimama tena karibu na nyumba yako. Unganisha maneno matatu au manne yasiyohusiana, hata ya Kilugbara au Kikakwa, pamoja na namba. Hayo hayakisiwi upesi, na mama wa nyumba hatayasahau. Jina la mtandao nalo lisitangaze ukoo wala duka. Jina kama “Duka la Mama Fulani” humwambia mpita njia mahali pa kuanzia.

Tumefika sasa kwenye jambo ambalo wenzetu wa Kampala na Mbarara hawalijui kama sisi. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko na Oraba ina kilomita 92, na sehemu kubwa ya njia hiyo mpaka uko karibu. Pale Salia Musala, nchi tatu zinakutana. Mawimbi ya simu hayaonyeshi hati ya kusafiria. Ruta iliyoachiwa kujichagulia mtandao hutafuta kwanza mtandao wake wa nyumbani. Ukidhoofika, kwa sababu ya kilima, mvua au mnara uliozimika, yaweza kuhamia mnara wa ng’ambo, na hesabu ya fedha ikabadilika. Kampuni nazo zinachanganya macho. MTN ipo Uganda na ipo Sudan Kusini. Airtel ipo Uganda na ipo Kongo. Mtu wa Koboko akisoma “MTN” kwenye skrini hudhani yuko nyumbani, kumbe ruta imekwisha vuka Kaya bila yeye.

Zipo njia mbili za kujua. Ya kwanza ni namba ya nchi, ambayo kila mtandao wa simu hubeba: Uganda ni 641, Kongo ni 630, Sudan Kusini ni 659. Ukurasa wa mipangilio ya ruta huonyesha jina la mtandao au namba hizi, na ukiona namba inayoanza na 630 au 659, intaneti yako iko ugenini. Ya pili ni rahisi zaidi, na watoto huigundua kabla ya wazazi: saa. Uganda iko saa moja mbele ya mashariki mwa Kongo, na tangu Februari 2021 iko saa moja mbele ya Sudan Kusini pia. Simu inayojirekebisha saa kwa mtandao, ikirudi nyuma saa moja ghafla hali wewe umeketi barazani kwako, imehama nchi. Jambo hilo limewachelewesha watu kanisani na msikitini, na limewachelewesha mahakamani pia.

Dawa yake imo katika ukurasa ule ule wa ruta. Tafuta neno Roaming, ndilo utakaloliona kwenye skrini, ulizime. Kisha, panapohusu uchaguzi wa mtandao, ondoa uchaguzi wa kujiendesha na uchague mwenyewe mtandao wako wa Uganda. Fanya hivyo katika simu za nyumbani pia. Anayefanya biashara ng’ambo na kweli anahitaji intaneti huko ni heri anunue laini ya huko na kuisajili kwa jina lake huko huko, kuliko kuiacha ruta ya nyumbani izurure.

Kuhusu mahali pa kuiweka ruta hatutasema mengi. Weka juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, mbali na friji na kabati la chuma. Mabati hurudisha mawimbi, na ukuta mnene wa matofali ya kuchoma huyapunguza. Ruta nyingi mpya hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya ukuta, ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka upesi. Kwa nyumba ndogo, yale ya pili yana faida moja ya ulinzi, kwamba hayafiki sana chini ya mwembe. Wanaoishi katika nyumba za kupanga zilizobanana, mjini Arua hasa, wakiona yale ya 2.4 yanasuasua jioni wajaribu kuchagua wenyewe chaneli ya 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawaitumii sana.

Umeme unastahili neno lake. West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024, baada ya miaka mingi ya kutegemea mitambo ya mafuta na kituo kidogo cha maji cha Nyagak, na nyumba nyingi bado zina sola. Wapo vijana wanaokata waya wa adapta na kuunga ruta moja kwa moja kwenye betri ya sola kwa kuwa vyote viwili vimeandikwa volti 12. Betri hiyo ikichajiwa mchana hupanda kupita volti 14, na ruta ikaungua polepole. Tumia kifaa cha kudhibiti volti katikati. Kumbuka kwamba baadhi ya ruta hutumia volti 5 tu, hivyo soma maandishi ya adapta kwanza. Na radi za West Nile tunazijua sote: mawingu yakikusanyika, chomoa.

Intaneti ikikatika, usikimbilie kubonyeza kila kitu. Tazama taa. Ikiwa taa ya waifai inawaka na ya intaneti imezima au imekuwa nyekundu, ruta yako yaongea na simu zako lakini haiongei na mnara. Angalia bando, kisha toa laini uitie katika simu. Ikifanya kazi humo, kasoro iko kwenye ruta au mipangilio yake. Isipofanya kazi, kasoro iko kwenye laini au mnara, na fundi hahitajiki. Lakini ujue kwamba baadhi ya laini zimefungwa na kampuni zisifanye kazi nje ya ruta yake, kwa hiyo uliza dukani walikokuuzia. Aliyebadilisha laini ya kampuni moja kwa ya nyingine huenda akakuta mipangilio iitwayo APN ni ya kampuni ya kwanza. Dukani watamwandikia iliyo sahihi. Ikiwa simu moja tu ndiyo inayokataa na nyingine zinapokea, ruta haina kosa: iambie simu hiyo iusahau mtandao, kisha andika nywila upya. Na mara nyingi, tuseme ukweli, kuzima ruta, kungoja nusu dakika na kuiwasha tena hutosha.

Lakini kuna kitendo kimoja tunachoomba kisifanywe kwa haraka. Nyuma ya ruta pana kitundu kidogo. Ukiingiza sindano na kushikilia sekunde kama kumi, ruta hurudi ilivyotoka kiwandani. Mafundi wa mitaani huanzia hapo kwa kuwa hufanya kasoro nyingi zitoweke. Hutoweka pia nywila yako mpya, ulinzi uliouchagua na ule uamuzi wa kuzima Roaming. Nyumba inabaki na kufuli la stika, na hakuna anayekumbuka kulibadilisha tena. Ikibidi kufanya hivyo, hesabu kwamba kazi ya nusu saa tuliyoieleza juu imeanza upya.

Kwa anayeshuku kwamba mgeni anatumia mtandao wake, kitundu hicho ni hatari zaidi, kwa sababu kinafuta ushahidi. Ukurasa wa mipangilio una orodha ya vifaa vilivyoungwa. Hesabu vyako: simu ya baba, ya mama, za watoto, televisheni. Kisichojulikana kikiwepo, piga picha ya orodha hiyo kwa simu kabla ya kubadilisha chochote, uonekane pia muda. Simu za siku hizi hubadilisha namba zao za utambulisho kwa kila mtandao, kwa hiyo orodha peke yake haimtaji mtu. Ila ikilinganishwa na saa ya tukio, humwondolea mwenye nyumba mzigo mkubwa. Baada ya picha, badilisha nywila zote mbili. Vifaa vyote vitafukuzwa, vya kwako na cha mgeni, nawe utavirudisha vya kwako kimoja kimoja.

Kuingia katika mtandao au kifaa cha mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, hata kama aliyeingia alitaka kutazama mpira tu. Tunasema hivi kwa vijana hasa. Wengi wao wanaona kukisia nywila ya jirani ni ujanja mdogo kama kuchuma embe lililoning’inia njiani, na hatupendi kumfundisha mtoto wa mtu sheria akiwa mbele ya hakimu.

Ukarimu nao hatuukatazi. Mtu akija kutoka Yei au Aru kumwona shangazi yake, ataomba waifai kabla ya maji ya kunywa. Ruta nyingi zaweza kutoa mtandao wa pili wa wageni wenye nywila yake, na ukurasa wa mipangilio hufunguliwa kwa wenyeji tu. Tumia huo, uuzime mgeni akiondoka. Mwenye kinyozi au kioski anayewagawia wateja intaneti afanye vivyo hivyo na abadilishe nywila kila wiki, kwa maana nywila iliyobandikwa ukutani mwaka mzima ni ya mji wote.

Jambo linalotuhuzunisha zaidi ni laini za kuazimana majina. Mwenye kitambulisho humsajilia ndugu au mpangaji asiye nacho, ruta inahama, ndugu anahama, jina linabaki. Wakimbizi walio Rhino Camp, Imvepi na Lobule wanaruhusiwa tangu mwaka 2019 kusajili laini kwa karatasi zao za ukimbizi, hivyo hakuna haja ya kuazima jina la mwenyeji. Aliyewahi kumsajilia mwingine aende kwa kampuni ya simu na kitambulisho chake, aulize ni laini ngapi ziko kwa jina lake, na aombe zisizo zake zifungwe. Vilevile anayeuza ruta aliyoitumia atoe laini, arudishe ruta kiwandani kwa kile kitundu, na aandikiane karatasi na mnunuzi. Anayenunua adai karatasi hiyo, kwa kuwa ruta zinaibwa kama simu.

Wapo wanaogundua tatizo na kunyamaza wakiogopa kwamba atakayetoa taarifa ndiye atakayeshikwa. Tunaielewa hofu hiyo, na hatutaiondoa kwa maneno. Tunasema tu kwamba taarifa iliyotolewa kabla ya malalamiko ya mtu mwingine kufika huandikwa kwenye kitabu cha kituo ikiwa na tarehe yake, na tarehe hiyo hukutetea baadaye. Aweza kuandamana nawe mwenyekiti wa LC1. Ikiwa ni dharura, piga 999 au 112. Vinginevyo njoo kituo kilicho karibu, uonane na ofisa wa uhusiano wa polisi na jamii, ukiwa na ruta na adapta yake, kitambulisho ulichosajilia laini, picha ya ile orodha, na karatasi uliyoandika siku na saa ulipoona jambo hilo. Kando ya saa andika kama ni ya Uganda au ya ng’ambo, kwa sababu simu iliyohamia mnara wa Kaya au Aru itakuwa imetaja saa tatu wakati hapa ilikuwa saa nne, na kampuni ya simu itatafuta katika saa isiyo yake. Ruta nayo, umeme ukikatika, baadhi husahau tarehe na kuandika mwaka 1970 mpaka zipate intaneti tena. Ukiliona hilo katika picha yako usiogope wala usiifute, iache tu kama ilivyo na utuletee.